Grafu za joto la majokofu: nitafungaje mhimili wima ubaki na skeli moja?

StooYaBaridi

Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada wa Excel.

Natunza stoo ya chanjo. Tuna majokofu tisa, kila moja lina kifaa kinachorekodi joto kila saa. Mwisho wa mwezi nahamishia data kwenye faili moja, kila jokofu na karatasi yake: safu A tarehe na saa, safu B nyuzijoto. Kila karatasi ina grafu ya mstari. Nazichapisha zote tisa na kuzibandika ukutani kwa mpangilio, ili yeyote anayeingia aone mara moja jokofu gani limetulia na lipi linayumba.

Shida ni kwamba kila grafu inajipangia namba zake upande wa kushoto. Jokofu namba 3 mwezi huu halikutoka kati ya nyuzi 4.2 na 4.9, limetulia kabisa, lakini grafu yake imejaa milima na mabonde kwa sababu mhimili umeanzia 3.8 na kuishia 5. Jokofu namba 7 lilishuka hadi 3 likapanda hadi 11, hilo ndilo lenye tatizo la kweli, na ukiitazama grafu yake kwa mbali huoni tofauti na ya namba 3. Msimamizi alisimama mbele ya ukuta akaniuliza kwa nini namba 3 inahangaika hivyo. Namba 7 hata hakuiulizia.

Nataka grafu zote ziwe na mwanzo mmoja na mwisho mmoja, na zisijibadilishe nikibandika data ya mwezi mpya. Nafanyaje? Mimi natumia Excel ya kwenye kompyuta, mwenzangu wa zamu ana LibreOffice, na mara nyingine tunafungulia Google Sheets. Na je, niweke namba gani? Nimefikiria 0 hadi 10.

---

kibodi_kavu

Excel: bofya mara mbili juu ya zile namba za mhimili wima. Upande wa kulia kitafunguka kidirisha cha "Format Axis". Chini ya "Axis Options" utaona "Bounds", na ndani yake "Minimum" na "Maximum". Andika namba zako, bonyeza Enter. Neno "Auto" lililokuwa pembeni litageuka kuwa "Reset", hiyo ndiyo ishara kwamba umeshaifunga. Ukitaka irudi ijipangie yenyewe, bonyeza "Reset".

LibreOffice: bofya mara mbili grafu ili uingie ndani yake, kisha bofya mara mbili mhimili, nenda kichupo cha "Scale", ondoa tiki ya "Automatic" kwenye kila kipengele unachotaka kukifunga, andika namba.

Google Sheets: bofya grafu mara mbili, "Customize", halafu "Vertical axis", kuna "Min" na "Max".

---

MistariMiwili

Hatua alizotoa kibodi_kavu ni sahihi, zifuate. Mimi niongeze kuhusu namba, kwa sababu hapo ndipo grafu yako itakapofaa au isifae, na 0 hadi 10 nakuomba usiiweke.

Kwanza ujue kwa nini namba 3 na namba 7 zimefanana. Excel ikiachiwa ijipangie, inaangalia tofauti kati ya namba kubwa na ndogo kwenye data. Tofauti hiyo ikizidi asilimia 16.667 ya namba kubwa, mhimili unaanzia sifuri. Ikiwa chini ya hapo, Excel inaitupa sifuri na kuanzia karibu na data yenyewe, ili data ijaze nafasi. Jokofu lako namba 3: 4.9 toa 4.2 ni 0.7, ambayo ni kama asilimia 14 ya 4.9. Sifuri ikatupwa. Namba 7: 11 toa 3 ni 8, asilimia 73 ya 11, kwa hiyo mhimili ukaanzia sifuri na pengine ukaishia 12. Sasa piga hesabu ya urefu kwenye karatasi: nyuzi 0.7 ndani ya nafasi ya 1.2 zinachukua zaidi ya nusu ya kimo cha grafu, na nyuzi 8 ndani ya nafasi ya 12 zinachukua theluthi mbili. Ndiyo maana jicho la msimamizi halikuona tofauti. Ni kama kulinganisha vimo vya watoto wawili huku mmoja amesimama sakafuni na mwingine juu ya kiti. Programu haijakosea, imefanya iliyoagizwa: ionyeshe kila grafu peke yake kwa uwazi. Haijui kwamba umezipanga tisa ukutani ili zilinganishwe.

Na kulinganisha ndiyo kazi yenyewe hapa. Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walichapisha utafiti wao wa namna macho ya watu yanavyosoma grafu, na katika majaribio yao watu walikadiria kwa usahihi zaidi pale walipolinganisha nafasi za vitu vilivyowekwa kwenye skeli moja. Ukuta wako wenye skeli tisa tofauti unaupoteza uwezo huo.

Sasa namba. Skeli usiitoe kwenye data ya mwezi huu, itoe kwenye swali ambalo grafu inajibu. Swali lako ni: je, chanjo zilikaa kati ya nyuzi 2 na 8? Kwa hiyo mistari ya 2 na 8 lazima ionekane, na lazima pawe na nafasi ya kutosha nje yake, juu na chini, ili jokofu likitoka njia lionekane limetoka na limetoka kiasi gani. Ukianzia 0, jokofu likigandisha huoni kitu. Unajua kuliko mimi kwamba chanjo ya homa ya ini B na zile zenye pepopunda zikiganda zimeharibika na hazirudi. Kwangu upande wa chini ya sifuri ni wa kuogopwa zaidi kuliko upande wa juu, na 0 hadi 10 inaufuta kabisa.

Mimi ningeweka "Minimum" -4, "Maximum" 14, na chini yake kwenye "Units" ningeandika "Major" 2. Hii ya mwisho watu wengi huiacha, nayo ina uzito wake. Excel huhesabu mistari ya gridi kuanzia pale ulipofunga mwanzo. Ukianzia -5 kwa hatua ya 2 utapata -5, -3, -1, 1, 3, 5, 7, 9, na mistari ya 2 na 8 haitakuwepo. Ukianzia -4 kwa hatua ya 2 utapata -4, -2, 0, 2, 4, 6, 8 na kuendelea, yaani mipaka yako yote miwili inakaa juu ya mstari wa gridi. Isitoshe, "Major" ikiachwa kwenye Auto, ukiipunguza au kuikuza grafu hatua nayo inaweza kubadilika, na grafu mbili zenye mwanzo na mwisho uleule zikawa na mistari tofauti.

Kuna jambo litakushtua mara tu utakapoweka namba hasi: tarehe za chini zitapanda na kukaa katikati ya grafu, juu ya mstari wa sifuri, zikikatizwa na data. Hapo hakuna kilichoharibika. Bofya mara mbili zile tarehe, kwenye "Axis Options" fungua "Labels", na kwenye "Label Position" chagua "Low". Zitashuka chini kabisa.

Halafu ongeza safu mbili pembeni ya data: C iwe na 2 kuanzia juu hadi chini, D iwe na 8. Ziingize kwenye grafu kama mistari miwili myekundu, miembamba, isiyo na nukta. Mtu akisimama mbali haoni namba, ila anaona mstari wa bluu umevuka mwekundu.

Swali moja kwako: hizo grafu zako, ukizitazama kwa karibu, kila siku inaonyesha mstari uliosimama wima badala ya mstari unaotembea saa kwa saa?

---

fundi_kompresa

Naheshimu maelezo hayo lakini naomba nipinge kidogo. Mimi natengeneza majokofu. Ninapoletewa grafu iliyofungwa kuanzia -4 hadi 14, jokofu linalocheza kati ya 4.2 na 4.9 naliona kama mstari uliolala. Kwangu mimi milima na mabonde ile ndiyo taarifa. Naona kompresa inawaka na kuzima kwa mpigo gani, naona mpigo umeanza kurefuka, naona kilele kila asubuhi mlango unapofunguliwa. Jokofu linaloelekea kufa huanza kwa kubadilisha mpigo huo likiwa bado ndani ya 2 na 8. Ukifunga skeli umenificha dalili za mapema zote, halafu mnaniita chanjo zikiwa zimeshaingia kwenye 11.

---

MistariMiwili

Mkuu, uko sahihi kabisa na sipingi. Grafu yako na grafu ya ukutani zinajibu maswali mawili tofauti. Ya ukutani inauliza "jokofu lipi limetoka njia", na lazima zote ziwe na skeli moja. Yako inauliza "jokofu hili linaendeshaje kazi yake", na ni vyema ijaze nafasi.

StooYaBaridi, weka zote mbili kwenye karatasi ya kila jokofu. Ya kwanza ifunge. Ya pili nakili ile ya kwanza, iondolee mistari myekundu (ikibaki, 2 na 8 zitaingia kwenye hesabu ya Excel na kuupanua mhimili), bonyeza "Reset" kwenye "Minimum", "Maximum" na "Major", na hiyo usiichapishe kwa ukuta, ibaki kwa ajili ya fundi. Ila kwenye kichwa cha hiyo ya pili andika wazi kwamba skeli yake inabadilika kila mwezi. Hata fundi akilinganisha mwezi huu na uliopita bila kujua hilo, atasoma vibaya.

---

StooYaBaridi

Asanteni sana wote. Nimefunga -4 hadi 14 kwenye namba 3 na namba 7, nimeziweka kando kwa kando, na tofauti sasa inaonekana hata ukiwa mlangoni. Namba 3 imelala katikati ya mistari myekundu, namba 7 imevuka ule wa juu mara kadhaa. Tarehe nazo nimezishusha chini.

MistariMiwili, ndiyo, umejuaje? Kila siku ina mstari uliosimama, kana kwamba usomaji wote wa siku umerundikwa mahali pamoja. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Yamebaki mengine. Moja, kurudia hatua hizi kwenye karatasi tisa inachosha, na nikiongeza jokofu nitaanza tena. Pili, kwenye jokofu namba 5 kuna siku umeme ulikatika likafika 17. Mstari umepanda ukatoka nje ya grafu juu na kurudi chini, kilele hakionekani. Naogopa mtu aione akadhani liliishia 14. Tatu, mhimili wa chini nao unabadilika, mwezi wa siku 28 na wa siku 31 haulingani.

---

MistariMiwili

Nianze na ile mistari iliyosimama, kwa sababu inagusa swali lako la tatu.

Grafu ya mstari ya Excel ikiona tarehe kwenye safu A inaugeuza mhimili mlalo kuwa mhimili wa tarehe, na kipimo kidogo kabisa cha mhimili huo ni siku. Saa hazijui. Kwa hiyo usomaji wa saa 24 za siku moja wote unawekwa juu ya nukta moja, ndiyo ule mstari uliosimama. Badili aina ya grafu: bofya kitufe cha kulia juu yake, "Change Chart Type", chagua "X Y (Scatter)", kisha ile yenye mistari iliyonyooka bila nukta. Hapo mhimili mlalo nao unakuwa wa namba halisi, na utaona una "Minimum" na "Maximum" zake kama ule wa wima. Ukishabadili, rudi ukague mhimili wima kama -4, 14 na 2 zimebaki. Zikiwa zimerudi Auto, ziandike tena.

Excel huhifadhi kila tarehe kama namba ya siku, na saa kama sehemu ya siku. Tarehe 1 Machi 2024 ni 45352, na 1 Aprili 2024 ni 45383. Muda wa saa sita, yaani robo ya siku, ni 0.25. Ukitaka kuijua namba ya tarehe yoyote, iandike kwenye seli halafu ibadili seli hiyo iwe ya aina ya "General". Kwa hiyo ungeweza kufunga mhimili wa chini kuanzia 45352 hadi 45383 kwa hatua ya 7. Lakini mwezi ujao itakubidi ubadilishe tena kwenye kila grafu, na ukisahau moja data yake yote itakuwa nje ya picha.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuachana na tarehe kwenye mhimili. Tengeneza safu ya siku ya mwezi:

`=A2-DATE(YEAR(A2),MONTH(A2),1)+1`

Ivute hadi mwisho wa data, na uhakikishe safu hiyo ni ya aina ya "Number", maana Excel itataka kuionyesha kama tarehe. Tarehe 1 saa sita usiku itakuwa 1, tarehe 1 saa sita mchana itakuwa 1.5, na saa ya mwisho ya tarehe 31 itakuwa karibu 31.96. Tumia safu hiyo kama X, funga "Minimum" 1, "Maximum" 32, na "Major" 1 au 7 kulingana na nafasi uliyonayo. Mwezi wa siku 28 utaacha pengo upande wa kulia, na pengo hilo ni sahihi, linasema ukweli kwamba siku hizo hazikuwepo. Jina la mwezi liandike kwenye kichwa cha grafu. Hutaugusa tena mhimili huo.

Kama kompyuta yako imewekwa kutumia nukta mkato kutenganisha vipengele vya fomula, badili mikato yangu yote iwe nukta mkato.

Sasa ile 17. Hofu yako ni ya haki na nimefurahi umeiona mapema, kwa sababu skeli iliyofungwa ina hatari hii moja kubwa: hailalamiki. Data ikizidi mpaka inakatwa kimyakimya. Kwenye mstari angalau utaona umetoka juu, lakini kwenye grafu ya nguzo, nguzo ya 17 na nguzo ya 14 zitaonekana sawasawa, zote zimegota juu.

Usipandishe mpaka hadi 20 kwa ajili ya siku moja ya umeme kukatika, utabana miezi mingine yote. Fanya grafu iseme yenyewe. Kwenye seli tupu ya karatasi hiyo, tuseme H1, andika:

`="Jokofu 5"&IF(MAX(B2:B745)>14," – JUU YA GRAFU: limefika "&TEXT(MAX(B2:B745),"0.0"),"")&IF(MIN(B2:B745)<-4," – CHINI YA GRAFU: limefika "&TEXT(MIN(B2:B745),"0.0"),"")`

Nimeishia B745 kwa sababu mwezi wa siku 31 una usomaji 744 wa saa kwa saa, na mstari wa kwanza ni wa vichwa. Kisha bofya kichwa cha grafu mara moja, nenda kwenye mstari wa fomula, andika alama ya =, bofya seli H1, bonyeza Enter. Kuanzia hapo kichwa cha grafu kinasoma seli hiyo. Mwezi ukiwa salama kitasema "Jokofu 5" tu. Ukizidi kitataja namba yenyewe, na itachapishwa pamoja na grafu, hakuna atakayedhani liliishia 14.

Pembeni yake weka pia `=COUNTIF(B2:B745,">8")`. Kwa kuwa unarekodi kila saa, jibu lake ni karibu na idadi ya saa ambazo jokofu lilikuwa juu ya 8. Grafu inakuonyesha kimo cha tatizo, hesabu hii inakupa urefu wake, na kwa chanjo vyote viwili vina maana. Vifaa vingi vya kurekodi joto la chanjo vimewekwa vitoe mlio baada ya saa 10 mfululizo juu ya 8, au dakika 60 chini ya -0.5. Hiyo peke yake inakuonyesha upande upi una haraka zaidi.

Kurudia mara tisa: kama unaanza upya, tengeneza karatasi moja iliyokamilika, na grafu zake zote, halafu bofya kitufe cha kulia juu ya jina la karatasi, "Move or Copy", weka tiki kwenye "Create a copy". Grafu ya karatasi mpya itasoma data ya karatasi mpya, na mipaka uliyofunga inakuja nayo. Bandika data ya jokofu jingine juu yake na ubadili jina ndani ya H1. Hiyo inatosha kwa watu wengi.

Kama hutaki kuzivunja karatasi ulizonazo, makro hii (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Excel) itapita kwenye grafu zote:

```
Sub FungaSkeli()
  Dim ws As Worksheet, co As ChartObject
  For Each ws In ActiveWorkbook.Worksheets
    For Each co In ws.ChartObjects
      If co.Chart.HasAxis(xlValue) Then
        With co.Chart.Axes(xlValue)
          .MinimumScale = Worksheets("Mipaka").Range("B1").Value
          .MaximumScale = Worksheets("Mipaka").Range("B2").Value
          .MajorUnit = Worksheets("Mipaka").Range("B3").Value
        End With
      End If
    Next co
  Next ws
End Sub
```

Ongeza karatasi iitwayo Mipaka, B1 iwe -4, B2 iwe 14, B3 iwe 2. Bonyeza Alt na F11, "Insert", "Module", bandika, rudi, Alt na F8, iendeshe. Hifadhi faili kama .xlsm, vinginevyo makro itapotea. Na kumbuka itafunga hata zile grafu za fundi, kwa hiyo iendeshe kabla ya kuzitengeneza, au zihamishie faili lake.

---

kibodi_kavu

Makro hiyo usitegemee kwenye Google Sheets, haitaendeshwa. Kule fungua grafu moja moja kwa "Min" na "Max", na hatua ya gridi iko chini ya "Gridlines and ticks".

Kwa asiyetaka makro kabisa kuna njia nyingine: ongeza mfululizo mmoja wa ziada wenye namba mbili tu, -4 na 14, ufute rangi ya mstari na nukta zake ili usionekane. Skeli ikibaki Auto italazimika kuzimeza namba hizo mbili, na ikitokea 17 itapanuka badala ya kukata.

---

MistariMiwili

Njia nzuri, na ina uzuri huo wa kutokata data. Ila mipaka haitakuwa -4 na 14 kamili, Excel itaongeza nafasi kidogo juu na chini kwa hatua yake. Na ile grafu yenye 17 itakuwa na skeli yake peke yake ukutani, ambalo ndilo tatizo tulilokuja nalo. Kwa grafu moja inayosimama peke yake ningeitumia bila wasiwasi. Kwa tisa zinazolinganishwa, hapana.

---

asilimia_zangu

Samahani kwa kudandia uzi wa mwenzenu, ila langu ni hilohilo. Nina grafu ya nguzo ya asilimia ya kazi zilizokamilika kwa kila kikundi. Nimefunga "Maximum" 100 na nguzo zote zimekuwa fupi kama nyasi, mhimili unasema 10000%. Nini kimetokea?

---

MistariMiwili

Excel huhifadhi 100% kama 1. Ulipoandika 100 uliiambia asilimia elfu kumi. Weka "Maximum" 1 na "Major" 0.2, utapata 0%, 20% hadi 100%.

Na kwa kuwa ni nguzo, "Minimum" ifunge kwenye 0, usiiache Auto. Mtu anasoma nguzo kwa urefu wake wote kuanzia chini, na Excel ikiona asilimia zako zimekaribiana itaitupa sifuri kama ilivyofanya kwa jokofu namba 3, halafu kikundi chenye 91 kitaonekana kimefanya kazi kidogo sana kuliko chenye 97. Ukitaka tofauti hiyo ndogo ionekane, badili nguzo ziwe nukta, ndipo uanzie 0.9.